Mtoto na Mji wa Arles: Anza na Mkate, Mawe Yatasubiri

Ukishuka na watoto kwenye stesheni ya Arles, kusini mwa Ufaransa, miguu itakuvuta kuelekea Arènes, ule uwanja mkubwa wa Kirumi unaochapishwa kwenye kadi za posta. Jizuie. Mtoto wa miaka saba akipelekwa moja kwa moja mbele ya ukuta uliojengwa mwaka wa 90 hivi baada ya Kristo, ataona ukuta. Atauliza choo kiko wapi, kisha atauliza mtaondoka saa ngapi. Hana kosa. Ukuta wa kale haumwambii kitu mtu asiyejua nani aliishi kando yake, alipika nini, na alifunga dirisha lake saa ngapi.

Mwongozo huu ni wa mzazi, shangazi, mjomba au mwalimu anayetaka mtoto auzoee mji huo, asiupite tu kama abiria. Huenda mmehamia Ufaransa na mnaishi Marseille, mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Huenda mnakuja kwa likizo ya wiki moja. Kwa vyovyote, ushauri wangu ni mmoja: mpe mtoto kazi ndogo za kila siku ambazo watoto wa pale hupewa, na historia umpe kidogo kidogo kupitia kazi hizo. Arles ina wakazi wapatao 50,000, na kwa zaidi ya miaka 2,000 watu hawajaacha kuishi ndani yake. Majengo yake ya Kirumi na ya zama za kati yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, lakini kati ya majengo hayo watu wanaanika nguo, wanagombana kuhusu maegesho ya gari na kupeleka watoto shule. Huko ndiko pa kuanzia.

Kwanza, makazi. Tafuta nyumba yenye jiko, ndani ya mji wa kale. Hoteli ya nje ya mji yenye bwawa la kuogelea itawapendeza watoto, ila itawanyima kila kitu ninachokieleza hapa, maana mtoto hawezi kutumwa dukani kutoka kando ya barabara kuu. Mtaa wa La Roquette, upande wa magharibi kuelekea mto Rhône, ulikuwa wa mabaharia na wavuvi. Vichochoro vyake ni vyembamba, nyumba ni ndogo, na wenyeji huweka vyungu vya maua mbele ya milango yao. Magari hupita pole pole, lakini hupita, kwa hiyo mtoto mdogo mshike mkono.

Asubuhi ya kwanza, kabla ya chai, nendeni kununua mkate. Huko mkate haununuliwi wa siku tatu. Mtu huenda kwa mwokaji kila siku, wengine mara mbili, na kutumwa mkate ndiyo mojawapo ya safari za kwanza ambazo mtoto wa Kifaransa huruhusiwa kwenda peke yake. Ustadi na desturi ya mkate wa baguette vimo kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2022. Mfundishe mtoto aombe “une tradition”, yaani baguette inayotengenezwa kwa sheria ya mwaka 1993: unga wa ngano, maji, chumvi na chachu au hamira, bila dawa za kuongeza maisha ya mkate. Inazidi bei ya baguette ya kawaida kwa senti chache, na ladha yake inastahili senti hizo.

Kabla ya kuomba mkate kuna salamu, na hapa usilegeze. Anayeingia dukani husema “Bonjour madame” au “Bonjour monsieur” kabla ya neno lingine lolote, na akitoka huaga. Asiyesalimia huonekana hana adabu, awe mtoto au mtu mzima, na huhudumiwa kwa uso uliokunjwa. Watalii wengi hudhani Wafaransa ni wakali, kumbe wao wenyewe ndio walioingia kimya. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo atalielewa jambo hili mara moja, pengine kuliko watoto wengi wa kigeni. Mwambie tu kwamba hapa salamu ni ya kila mtu, hata kijana aliyesimama nyuma ya kaunta.

Siku ya kwanza simama naye. Siku ya pili simama mlangoni. Siku ya tatu, kama ana miaka tisa au kumi na duka linaonekana kutoka dirishani kwenu, mwache aende. Mpe sarafu, si noti, ili ajifunze kuhesabu. Na umwambie mapema kwamba baadhi ya maduka yana mashine ya kutumbukizia fedha, asije akashtuka. Akirudi na mkate uliomegwa ncha, usimkaripie. Kula ncha ya mkate njiani ni desturi ya nchi nzima.

Jumamosi asubuhi ni ya soko, na hiyo siku usiipangie jambo jingine. Soko la Arles hujipanga kando ya barabara pana ya Boulevard des Lices, kusini mwa mji wa kale, na kuendelea kwenye barabara iliyoungana nayo. Ni refu kiasi kwamba mtoto mdogo atachoka kabla ya kulimaliza. Jumatano kuna jingine dogo zaidi, upande wa Boulevard Émile Combes, linalomfaa mtoto asiyependa msongamano.

Usimtembeze sokoni bila kazi. Mpe kikapu, mpe euro tano, mwambie mchana wa leo tutakula matunda atakayochagua yeye. Kabla hajaanza, mweleze sheria moja: matunda ya mwuzaji hayashikwishikwi. Unaonyesha kwa kidole, mwuzaji anachagua. Akitaka tikiti la rangi ya chungwa linalolimwa karibu na Cavaillon, ambalo msimu wake ni kiangazi, ataulizwa kama ni la kuliwa leo au kesho, na mwuzaji atampa linaloiva siku hiyo. Mwambie mtoto alipime mkononi. Tikiti zuri ni zito kuliko linavyoonekana, na kikonyo chake kimeanza kupasuka pale kilipoungana na tunda. Hilo ni somo ambalo mtoto wa Provence hulijua kabla ya kujua majina ya wafalme. Majira ya kuchipua huwa na stroberi na asparaga. Juni na Julai huwa na aprikoti. Zeituni zipo mwaka mzima, za kijani na nyeusi, zimelowekwa na vitunguu saumu, ndimu au pilipili, na mwuzaji mwema humpa mtoto moja aonje.

Sehemu moja ya soko itamfanya mtoto wa pwani ya Afrika Mashariki ajisikie yuko nyumbani: meza za familia zenye asili ya Afrika Kaskazini, zenye mafungu ya nanaa na kotmiri, tende, bizari na vitambaa. Msiziruke. Hao nao ni watu wa Arles, na mtoto ajue hivyo tangu siku ya kwanza.

Mnunue pia mchele. Ndiyo, mchele. Kusini mwa mji inaanza delta ya Camargue, kati ya matawi mawili ambamo mto Rhône hugawanyika kabla ya kufika baharini, na hapo ndipo mpunga mwingi wa Ufaransa hulimwa. Kilimo hicho kilifufuliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa mikono ya vijana waliochukuliwa Vietnam, wengi wao kwa nguvu, kuja kufanya kazi Ufaransa. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuambiwa hayo bila kupunguziwa. Mkipika mchele mwekundu wa Camargue jioni ile, historia hiyo itakuwa sahanini, naye atauliza maswali ambayo bango la makumbusho lisingemfanya aulize.

Kwa familia za Kiislamu, na kwa wengine wenye miiko, mambo mawili. Soseji kavu maarufu ya mji huu, saucisson d'Arles, hutiwa nyama ya nguruwe, na mkate wa Provence wenye matundu unaoitwa fougasse mara nyingine hutiwa vipande vya nguruwe, ingawa upo pia wa zeituni tupu. Nayo gardiane, mchuzi wa nyama ya fahali unaosifiwa katika kila mgahawa, huchemshwa kwa divai nyekundu. Mfundishe mtoto mwenyewe kuuliza, “Il y a du porc?” Wauzaji wamezoea swali hilo, hawakasiriki.

Saa sita mchana mji hufunga. Maduka mengi hushusha milango hadi saa nane, mengine hadi saa tisa, na migahawa hupokea watu wa mchana ndani ya saa hizo mbili tu. Ukifika na mtoto mwenye njaa saa tisa alasiri, utaambiwa jiko limefungwa, na hakuna kubembeleza. Kwa hiyo kuleni mapema, kisha mrudi nyumbani. Hapo kuna kazi nyingine ya kumpa mtoto, na watoto huipenda sana: mbao za nje za madirisha. Kila nyumba ya zamani inazo. Kiangazi hufungwa jua linapopanda ili chumba kibaki na ubaridi, na hufunguliwa jioni hewa ikipoa. Mfanye mtoto kuwa msimamizi wa mbao hizo. Ndani ya siku mbili atakuwa ameshajua jua linapigia upande gani wa mtaa, kwa nini vichochoro ni vyembamba, na kwa nini watu wa mtaani wanakaa nje saa mbili usiku na si saa nane mchana. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 bila shida.

Mbao hizo zina adui mwingine: upepo uitwao mistral. Huvuma kutoka kaskazini kupitia bonde la Rhône, mkavu na mkali, na siku mbaya huzidi kilomita 100 kwa saa. Mkienda mashambani, mwonyeshe mtoto nyumba za zamani zilivyoupa upepo huo kisogo: upande wa kaskazini hauna dirisha au una dirisha dogo tu, na safu za misaipresi myembamba zimepandwa kama ukuta. Chukua koti jepesi hata mwezi wa Mei. Chukua na dawa ya mbu, maana mabwawa ya Camargue yako karibu na mbu wake hawabagui mgeni.

Sasa, siku ya tatu au ya nne, mtoto akiwa ameshajua nyumba ya Arles ina nini, mpeleke Arènes. Usianze na wapiganaji na damu, ingawa ndivyo vibao vingi vinavyoanza. Anza na nyumba. Uwanja huu wa umbo la yai una urefu wa mita 136 hivi na matao 60 kwa kila ghorofa ya ghorofa zake mbili, na Warumi waliweza kukalisha humo watu wapatao 20,000. Lakini dola ilipoanguka na mji ukawa unashambuliwa, watu waliona kwamba ukuta huo mnene ungewalinda. Wakaingia. Waliziba matao, wakajenga minara ya ulinzi, na baada ya muda ukawepo mji mdogo mzima ndani ya uwanja: nyumba zaidi ya 200 na makanisa madogo mawili. Watu walizaliwa humo, wakaoa humo, wakazeeka humo, kizazi baada ya kizazi, hadi karne ya 19. Ni katika miaka ya 1820 ndipo nyumba zilipoanza kubomolewa kwa nguvu ili uwanja ubaki mtupu kama tunavyouona. Minara mitatu ya zama za kati ingali imesimama, na mmoja unapandika.

Hapa ndipo pa kutulia. Mpe mtoto karatasi na penseli, achague tao moja, alipime kwa hatua zake, kisha achore nyumba yake ndani ya tao hilo. Muulize maswali ambayo ameshayaishi siku tatu. Jiko litakaa wapi? Moshi utatokea wapi? Maji utayachota wapi, na ndoo utaibebaje? Mistral ukivuma, dirisha lako litazame wapi? Jirani yako akipika kitunguu, utanusa? Nimeona watoto waliokuwa wakiburuta miguu wakikaa saa nzima wakibishana nani apate tao lililo karibu na mlango. Baadaye mzunguke uwanja kwa nje na kumwambia atafute alama za wakazi hao: matundu ya kuingizia boriti, sehemu ambazo jiwe la matao limechongwa baadaye, ukuta wa jiwe dogo juu ya jiwe kubwa. Bei na saa za kufunguliwa hubadilika kwa msimu. Uliza kuhusu watoto, kwa kuwa sehemu nyingi za makumbusho Ufaransa haziwatozi walio chini ya miaka 18.

Jirani yake kuna ukumbi wa maigizo wa Kirumi, uliojengwa mapema zaidi. Huo ulichotwa mawe kwa karne nyingi na watu waliokuwa wakijenga nyumba na makanisa, na mbele ya jukwaa zimebaki nguzo mbili tu zilizosimama nzima. Wenyeji wanaziita wajane wawili. Mwulize mtoto mawe mengine yalikwenda wapi, kisha mrudi nyumbani kwa miguu mkitazama kuta za mitaani. Katika uwanja wa Place du Forum ataona nguzo mbili za Kirumi zikiwa zimeshikiliwa ndani ya ukuta wa hoteli. Hapo hahitaji maelezo yako tena.

Jumba la makumbusho la mambo ya kale, lile la rangi ya buluu kando ya mto, lina vitu vingi mno kwa siku moja. Msiyapitie majeneza ya mawe yote. Nendeni kwenye tishali. Ni chombo cha mbao cha Kirumi chenye urefu wa mita 31, chenye sakafu bapa, kilichozama katika Rhône katikati ya karne ya kwanza na shehena yake ya mawe ya ujenzi. Kiligunduliwa mwaka 2004, kikatolewa mtoni vipande vipande mwaka 2011, kikahifadhiwa na kuunganishwa upya. Kitakachomkamata mtoto si urefu wake bali tezi, ambako mabaharia walikuwa na jiko: mtungi mkubwa uliokatwa ukawa wa kuwashia moto, na vyombo vyao vya kulia. Mtoto aliyewahi kupanda jahazi atajua mara moja kwa nini jiko liliwekwa nyuma. Vipo pia vielelezo vidogo vya mji wa Kirumi, pamoja na daraja lililoelea juu ya mashua zilizofungwa pamoja. Atafute uwanja wa Arènes humo, kisha atafute mahali nyumba yenu ilipo sasa.

Kama una nafasi ya makumbusho moja tu, hata hivyo, ningekutuma Museon Arlaten. Lilianzishwa na mshairi Frédéric Mistral mwishoni mwa karne ya 19, na fedha za Tuzo ya Nobel aliyopata mwaka 1904 alizitumia kulihamishia kwenye jumba lilipo hadi leo. Mistral aliandika kwa Kiprovence, lugha ya bibi na babu wa eneo hilo ambayo shule ilikuwa ikiikataza, na aliogopa kwamba vitu vya nyumbani vya watu wake vingetupwa pamoja na lugha. Akakusanya vitanda, vyungu, mavazi, zana za wachungaji, hirizi, vifaa vya harusi. Jumba lilifungwa miaka mingi kwa ukarabati, likafunguliwa tena mwaka 2021. Kwa Mswahili anayelea mtoto ughaibuni, jumba hili lina uzito wa pekee: ni kazi ya mtu aliyeamini kwamba kijiko cha mama yake kinastahili kuhifadhiwa sawa na sanamu ya mfalme.

Humo mwonyeshe mtoto mandhari ya mzazi aliyetoka kujifungua, akitembelewa na wanawake wa mtaa. Desturi ya Provence ilikuwa kumletea mtoto mchanga mkate, yai, chumvi na kijiti cha kiberiti: awe mwema kama mkate, ashibe na kujaa kama yai, awe na busara kama chumvi, na anyooke kama kijiti. Mwulize mwanao yeye alipozaliwa aliletewa nini. Kama hajui, mpigie simu bibi yake jioni hiyo hiyo.

Mchoraji Vincent van Gogh hawezi kukwepwa Arles, na hakuna haja. Alifika Februari 1888, theluji ikiwa imetanda, akaondoka Mei 1889, na katika miezi hiyo alichora picha zipatazo 200 za rangi. Nyumba yake ya manjano ilikuwa katika Place Lamartine, karibu na stesheni, nayo iliharibiwa kwa mabomu mwaka 1944. Usitarajie kuona picha zake nyingi mjini, kwani zimetawanyika duniani. Taasisi yenye jina lake iliyofunguliwa mwaka 2014 huonyesha zile inazoazimwa. Kwa mtoto, achana kwanza na habari ya sikio alilojikata. Mtafutie katika kitabu picha za familia ya Roulin. Joseph Roulin alikuwa mfanyakazi wa posta, rafiki wa kweli wa mchoraji aliyekuwa mgonjwa na mpweke, na Van Gogh alimchora yeye, mkewe Augustine, na watoto wao watatu, Armand, Camille na Marcelle, ambaye alikuwa bado mchanga. Camille alikuwa na miaka kumi na moja. Mtoto wako akiwa wa umri huo, mketishe kwenye kiti na umwambie atulie dakika kumi ukimchora. Atamheshimu Camille maisha yake yote.

Hospitali alikolazwa Van Gogh leo inaitwa Espace Van Gogh. Bustani ya ndani imepandwa upya kwa kufuata picha aliyoichora, na watalii hupiga picha hapo, wakaondoka. Nyinyi ingieni zaidi: jengo hilo ndilo lenye maktaba ya mji. Ina sehemu ya watoto, ina ubaridi wakati wa joto, na watoto wa Arles hulala kifudifudi hapo wakisoma vitabu vya katuni. Kukaa ndani hakuhitaji uwe mkazi.

Mweleze pia habari za Jeanne Calment, aliyezaliwa Arles mwaka 1875 na kufariki hapo hapo mwaka 1997, akiwa na miaka 122, umri mrefu kuliko wa binadamu mwingine yeyote uliothibitishwa. Uzeeni alisimulia kwamba alikutana na Van Gogh dukani akiwa msichana. Umri huo ni kamba nzuri ya kumpimia mtoto karne: msichana wa wakati wa picha zile aliishi mpaka zama za televisheni na kompyuta.

Kuhusu mafahali, amua kabla ya kukata tiketi. Arènes huandaa mambo mawili tofauti. Moja ni corrida, ya Kihispania, ambamo fahali huuawa mbele ya watazamaji. Hufanyika hasa kwenye sherehe za Pasaka na za mavuno ya mpunga mwezi Septemba. Mimi simpeleki mtoto huko. La pili ni course camarguaise, mchezo wa eneo lenyewe. Vijana waliovaa nyeupe hukimbia kumkaribia fahali mweusi mdogo wa Camargue, wakijaribu kunyofoa kwa kitana cha chuma vitu vidogo vilivyofungwa pembeni na kati ya pembe zake, kisha huruka uzio kuokoa nafsi zao. Fahali hukaa uwanjani kama dakika 15, halafu hurudi malishoni. Mafahali mahiri hujulikana kwa majina, huandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango, na wakifa huzikwa kwa heshima. Watoto hushangilia fahali, si vijana. Soma bango vizuri, au umwulize mtu wa kibandani.

Alasiri ni ya watoto. Shule hufungwa saa kumi na nusu hivi, na hapo kila mtoto hupewa kitafunio: kipande cha mkate na chokoleti, au tunda. Mpe wako saa ile ile, mwende kwenye bustani ya Jardin d'Été, kando ya Boulevard des Lices, ambako kuna michezo ya watoto. Usimsukume akaongee na wenzake. Mpe mpira na ukae mbali kidogo kwenye benchi. Kwa watu wazima kuna pétanque, mchezo uliozaliwa La Ciotat, kwenye pwani ya Provence hii hii, mwanzoni mwa karne ya 20. Kitufe kidogo cha mbao hutupwa umbali wa mita sita hadi kumi, kisha kila mtu, miguu imeganda pamoja, hujaribu kusogeza tufe lake la chuma karibu nacho. Wazee wanaocheza wanapenda kufundisha, mradi mtoto asipite mbele yao mtu anapolenga.

Onyo moja tu lisilo na mjadala: mtoto asiogelee Rhône. Jioni ukingo wake ni mzuri wa matembezi, na mnaweza kusimama pale Van Gogh aliposimama kuchora nyota juu ya maji, lakini mkondo wake una nguvu hata ukionekana umelala. Wakitaka maji, nendeni baharini. Njiani kupitia Camargue wataona farasi weupe na heroe wa waridi, na hapo mtoto wa Tanzania au Kenya atakuwa na la kuwaeleza wenyeji kuhusu ziwa Natron au Nakuru.

Nendeni Mei, Juni mapema, au Septemba. Nîmes, Avignon na Pont du Gard ziko karibu, na utashawishika kuziongeza kwenye ratiba. Ukiwa na siku saba, usifanye hivyo: siku zote saba zikae Arles, kwa sababu mtoto huanza kuuona mji siku ya nne, na ukimhamisha siku ya tatu umemlipia safari ya kutazama kuta.